Ulimpa lini? Deni, nyumba, kazi na polisi kwa mtu asiye na wakili

Katika miaka yangu 26 ya ukarani wa korti, swali nililolitafsiri mara nyingi kuliko yote ni fupi sana: "Ulimpa lini?" Hakimu anauliza kwa Kiingereza, mimi namgeukia mama aliyesimama kizimbani, namuuliza kwa Kiswahili au kwa Kijaluo. Mama anafikiri. Kisha anajibu: "Ilikuwa wakati mahindi yako mabichi." Karani haongezi wala hapunguzi, kwa hiyo natafsiri hivyo hivyo. Wakili wa upande wa pili anasimama na kuuliza ni mahindi ya mwaka gani. Na mama huyo, ambaye kila alichosema tangu asubuhi ni kweli, anaanza kuonekana kama mwongo.

Nilianzia Kisumu, nikahamishiwa Molo, nikamalizia Nakuru, zote hapa Kenya. Sasa nimestaafu, nakaa Langalanga, na majirani huniita Mama Karani. Jioni watu hunijia na makaratasi yao kwenye bahasha ya kaki iliyochoka, wengine bila karatasi hata moja. Mimi si wakili, na jambo zito namtuma mtu kwa wakili siku hiyo hiyo. Lakini mengi yanayoletwa kwangu yangeweza kutengenezwa mapema na mwenyewe, kwa kalamu na subira. Hayo ndiyo ninayoyaandika hapa.

Anza na daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo tunaikumbuka dukani, lakini kwa deni la shemeji au kodi ya nyumba tunaisahau. Nunua daftari moja la jalada gumu, liwe la nyumba nzima. Siku unapokopesha, unapolipa kodi, unapoanza kazi, unapoitwa kwa chifu au unapogombana na jirani juu ya mpaka, andika kabla hujalala: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilisemwa, pesa ngapi na zilipitia wapi. Andika kwa lugha ya kwenu kama ndiyo inayokujia upesi. Korti ina wakalimani. Usirarue ukurasa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, lililo chini lisomeke, kisha andika sahihi pembeni.

Nakumbuka daftari la mama mmoja muuza omena kule Kisumu. Jalada limelegea, kurasa zinanuka omena. Hakimu alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Wino wa buluu, wiki mbili baadaye wino mweusi, halafu siku tatu penseli, halafu buluu tena. Kila mstari una tarehe, gorogoro ngapi, na saini au dole gumba la mnunuzi. Upande wa pili ulileta makubaliano yaliyopigwa chapa vizuri, hayana hata tarehe ya kutiwa saini. Hakimu aliliamini daftari. Zile rangi tofauti za wino zilimwonyesha kwamba liliandikwa siku kwa siku, halikutungwa usiku mmoja.

Pesa nazo, zikiwezekana, zipitie M-Pesa hata kama mmekaa meza moja. Ujumbe usifutwe, na hata ukifutika unaweza kuomba taarifa ya miamala yako. Mazungumzo ya WhatsApp yapige picha na uyachapishe, lakini simu yenyewe itunze pia, kwa sababu upande wa pili ukidai umeyabuni, korti itataka kujua yametoka kwenye chombo gani.

Deni

Wengi huja kwangu na sentensi moja: "Nataka ashikwe." Nakujibu kama ninavyowajibu wao. Kushindwa kulipa deni si jinai. Ni kesi ya madai, na polisi hawana kazi ya kukusanya madeni ya watu. Inakuwa jinai pale mtu alipokudanganya tangu mwanzo, kwa mfano alipokuuzia ploti akijua si yake, au alipokupa hundi akijua akaunti haina kitu. Hayo ndiyo ya kuripoti. Lakini aliyekopa kwa moyo safi, biashara ikamwangukia, huyo hafungwi kwa kukosa pesa. Na ukiwa wewe ndiye mdaiwa, ukaitwa kituoni "kwa makubaliano", uliza kwa heshima: nimeshtakiwa kosa gani, na limeandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, kwa nambari gani? Usitie saini ahadi ya kulipa ukiwa na hofu ya seli. Nimeona karatasi za namna hiyo zikisumbua watu miaka mingi.

Karatasi ya deni haihitaji Kiingereza wala muhuri. Inatosha hivi: "Mimi fulani, kitambulisho nambari kadha, leo tarehe kadha nimepokea shilingi 40,000, elfu arobaini, kutoka kwa fulani kwa njia ya M-Pesa. Nitazilipa zote kufikia tarehe kadha." Nyinyi wawili mtie saini, na shahidi mmoja ambaye si mke wala mume wa yeyote kati yenu. Pesa ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana sifuri moja huongezwa kirahisi. Na usiweke pale "nikishindwa achukue shamba". Mambo ya ardhi yana sheria zake. Mkataba wake lazima uwe wa maandishi, uliotiwa saini mbele ya shahidi, na kwa shamba la kilimo kuna ruhusa ya bodi ya ardhi, bila kusahau idhini ya mke au mume kama ni boma la ndoa. Ukichanganya deni na shamba umejitafutia kesi mbili.

Kama ulitoa pesa bila maandishi yoyote, bado kuna njia, nayo nimeiona ikifanya kazi. Usimpigie simu kumtukana. Mtumie ujumbe wa upole: "Ndugu, nakukumbusha zile shilingi 40,000 nilizokupa tarehe 3 Machi nyumbani kwako. Utaweza kuanza kulipa lini?" Mtu mwenye deni mara nyingi hujibu, "Nivumilie mpaka mwisho wa mwezi." Jibu hilo ni dhahabu. Amekiri deni, hakubishia kiasi wala tarehe. Lihifadhi.

Akikaa kimya, mwandikie barua ya kudai. Taja deni, tarehe, ushahidi ulio nao, mpe siku 7 au 14, useme baada ya hapo utakwenda kortini. Baki na nakala, na umwambie atakayeipokea atie saini juu ya nakala yako. Usikae ukingoja huruma mpaka miaka ipite: madai ya mkataba yana miaka 6, baada ya hapo mlango unafungwa. Mdaiwa akilipa sehemu, au akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, hesabu ya miaka inaanza upya. Ndiyo maana hata shilingi 500 alizokurudishia ziandikwe na tarehe yake.

Kisha nenda Mahakama ya Madai Madogo. Wengi hawajui ipo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, mahakama yenyewe ilianza Nairobi Aprili 2021, na sasa ipo Nakuru na Kisumu pia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja: bidhaa ulizouza hukulipwa, kazi ya fundi, pesa ulizomkabidhi mtu, gari lako lililogongwa, hata fidia ya kuumia. Unaweza kujisimamia mwenyewe, ukazungumza Kiswahili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Haisikilizi kesi za umiliki wa ardhi, wala za kuchafuliwa jina, wala za mwajiri na mfanyakazi. Ukifika kwenye masijala ukasema huna wakili, ulizia fomu na uombe uelekezwe namna ya kuziwasilisha. Kuwa na bahasha yako tayari, karatasi zimepangwa kwa tarehe, ya zamani juu.

Kushinda nako si kulipwa. Asipolipa, unaomba amri ya kukamata mali. Dalali wa mnada mwenye leseni anaorodhesha mali, anampa mdaiwa notisi ya siku 7 akomboe, ndipo anabeba. Hachukui kila kitu: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya familia haviguswi, wala vifaa vya kazi vya fundi. Kwa hiyo ukiona mtu anabeba sufuria za watoto akidai ametumwa na korti, muombe akuonyeshe karatasi. Jela ya madai pia ipo, isiyozidi miezi 6, lakini kwanza korti lazima iridhike kwamba mdaiwa anao uwezo na amekataa tu. Akitoka, deni bado lipo. Kwa maoni yangu, mkikubaliana alipe kidogo kidogo kila mwezi na makubaliano hayo yaandikwe kwenye faili, mtapata pesa nyingi na upesi zaidi kuliko kumfunga.

Kuhusu kudhamini nitasema kwa uchungu, kwa sababu lilinipata. Nilimdhamini mwenzangu wa kazini kwenye sako, chama chetu cha akiba na mikopo. Nilisaini ukurasa wa mwisho bila kusoma ule wa tatu. Aliacha kazi, akazima simu, na mshahara wangu ukakatwa miezi 14. Sheria inataka udhamini uwe wa maandishi na saini, na saini yangu ilikuwepo, hivyo sikuwa na la kusema. Kabla hujasaini, uliza nakala, usome kiasi unachodhamini, na ujiulize kama unaweza kukilipa chote peke yako. Kama huwezi, mwambie hapana mbele ya macho yake.

Na mikopo ya simu: kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha, kukutukana, au kuwapigia mama yako na mkubwa wako wa kazi ili wakuaibishe. Deni unadaiwa, lakini aibu hiyo si sehemu ya deni. Piga picha ya kila ujumbe, andika saa ya kila simu, ulalamike Benki Kuu na kwa Kamishna wa Data.

Nyumba

Miaka michache iliyopita, asubuhi moja ya Jumamosi, niliitwa na mama ninayesali naye, niende kwake mtaa wa Rhonda hapa Nakuru. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, mtoto mgongoni, anatazama nyumba yake isiyo na mlango. Keyateka, mtu anayemtunzia landilodi nyumba, alikuwa amekuja na spana, akafungua bawaba mbili, akaubeba mlango kichwani. Kodi ya miezi miwili. Bawaba zilikuwa zimewekwa vizuri kwenye dirisha, na parafujo zake zote nane, kana kwamba mlango umekwenda kutengenezwa. Shuka lilikuwa limetundikwa, upepo unalipeperusha, kila apitaye anaona kitanda.

Kodi anadaiwa, hilo hakulikana. Lakini landilodi hana ruhusa ya kung'oa mlango, kuezua mabati, kufunga kufuli yake juu ya yako, au kukata maji na stima ili utoke. Kumtoa mtu nyumbani kunahitaji notisi na, asipotoka, amri ya korti au ya baraza la kodi. Mwenye nyumba anayetaka kodi yake ana njia ya kisheria ya kukamata mali kupitia dalali mwenye leseni. Keyateka na spana si njia hiyo.

Tulifanya hivi, nawe ufanye hivi. Tulipiga picha kabla ya kugusa chochote. Tukaandika saa, na majina ya majirani wawili walioona. Tukaenda kituoni kuripoti mali iliyoondolewa, tukatoka na nambari ya OB imeandikwa kwenye kikaratasi. Halafu nikaandika barua ya nusu ukurasa kwa landilodi: deni linakubaliwa, litalipwa kwa awamu tatu, tarehe hizi na hizi, mlango urudishwe leo, usiporudishwe tunakwenda korti na picha hizi. Nambari ya OB niliiandika juu kabisa. Mlango ulirudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Sisemi utarudi kila mara. Lakini barua yenye tarehe, ahadi ya kulipa na nambari ya OB humfanya landilodi aone kwamba ana la kupoteza.

Kama kodi ya nyumba yako ya kuishi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vya namna hiyo bado vipo Kaptembwa, Rhonda, Nyalenda na Obunga, unalindwa na sheria ya kudhibiti kodi. Landilodi hapandishi kodi wala hakutoi bila kupitia baraza la kodi. Kodi ikizidi hapo, tazama mkataba. Kama mnalipana mwezi kwa mwezi bila mkataba, notisi ni ya mwezi mmoja. Kwa duka, hoteli au kibanda cha chakula kisicho na mkataba wa maandishi, sheria ni nyingine na ni kali zaidi. Notisi ya kukutoa au kupandisha kodi ni angalau miezi miwili, kwenye fomu maalumu, na ukiipinga lazima upeleke pingamizi lako kwenye baraza la kodi za biashara kabla ya tarehe iliyotajwa humo kufika. Nimewaona wafanyabiashara wazuri wakipoteza duka la miaka kumi kwa kuikunja ile notisi mfukoni wakisema wataishughulikia baada ya Krismasi.

Siku ya kuhamia, piga picha kila ukuta, sinki, choo na swichi, umtumie keyateka picha hizo kwa WhatsApp siku hiyo hiyo. Siku ya kuondoka ukiambiwa diposti imekwenda kwa rangi na kioo kilichopasuka, utakuwa na la kuonyesha. Diposti isiporudishwa ni deni kama deni lingine, na Mahakama ya Madai Madogo inakungoja.

Kazi

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu makosa ni yale yale. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, awe wa duka, wa shamba la maua Naivasha au wa nyumbani, haachishwi kazi kwa neno la mdomo getini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka notisi ya maandishi ya siku 28, au alipwe mshahara wa siku hizo. Akituhumiwa kosa, lazima aelezwe kosa lenyewe kwa lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mwenzake wa kazini. Hata aliyeiba anasikilizwa kwanza. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na siku ya mapumziko ni moja katika kila 7.

"Sina mkataba" si mwisho wa safari. Kuandika mkataba ni kazi ya mwajiri, na asipoutoa mbele ya korti, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Wewe lete ulicho nacho: mishahara iliyoingia kwa M-Pesa, picha ukiwa na sare, ujumbe wa "kesho njoo mapema", daftari lako lenye siku ulizofanya kazi.

Kuna hila moja nimeiona sana. Siku ya kukufukuza unapewa karatasi mbili: moja ya mshahara wa mwisho, nyingine ya kujiuzulu au ya kusema huna dai lolote tena. Unaambiwa saini zote ndipo ulipwe. Kama unazihitaji pesa hizo, na najua unazihitaji, andika kando ya saini yako kwa mkono: "Nimepokea mshahara wa mwezi wa Mei tu. Sijaacha kazi kwa hiari." Weka tarehe. Omba pia cheti cha utumishi; ni haki yako ukiwa umefanya kazi wiki 4 au zaidi, hata kama mmeachana vibaya.

Ofisi ya leba ndiyo mlango wa kwanza. Isiposuluhisha, kama mshahara wako hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi kesi inasikilizwa na hakimu. Ukizidi hapo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, iliyoko Nakuru na Kisumu. Miaka 3 tangu siku ya kuachishwa ikipita, hakuna korti itakayokusikiliza, na mazungumzo na bosi hayasimamishi saa.

Ukikamatwa, na siku ya kusomewa mashtaka

Katiba, kifungu cha 49, inasema uambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza, una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu wa kukusaidia, na ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, ni siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni mara nyingi hulala ndani mpaka Jumatatu. Kama kosa lina adhabu ya faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, hupaswi kuwekwa rumande.

Wewe ndugu yake uliyeko nje: nenda kituoni na kalamu. Uliza kosa, nambari ya OB, saa aliyokamatwa, jina la afisa wa upelelezi. Uliza bondi, yaani ahadi ya maandishi ya kurudi anapoitwa. Bondi ya polisi haina malipo. Ukiambiwa ni dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, na iandikwe jina la aliyetoa pesa, kwa maana kesi ikiisha pesa hurudishwa kwa mwenye risiti. Nimeona mama akiuza mbuzi wake wawili kumtoa kijana, risiti ikaandikwa jina la jirani aliyewasindikiza. Pesa zilirudi kwa jirani.

Aliyejeruhiwa naye ajue fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha, haiuzwi. Aliyebakwa aende hospitali kwanza, kabla ya kuoga na kabla ya kufua, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazingoji ripoti ya polisi. Nakuru ni hospitali ya rufaa, ile tuliyozoea kuiita PGH. Kisumu ni Jaramogi, wenyeji wanaiita Russia. FIDA, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu, na Huduma ya Kitaifa ya Usaidizi wa Kisheria ipo kwa wasio na uwezo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza mpaka leo, nililoliona nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kizimbani. Ni maneno mawili: "Ni kweli."

Kijana anasomewa shtaka la kuiba baiskeli. Amelala seli siku mbili, amechoka, ameambiwa ndani huko, "Wewe kubali tu, utapewa faini uende nyumbani." Namsomea, namuuliza, anajibu: "Ni kweli niliichukua, lakini baiskeli ni yangu, nilimwazima tu." Huo si wizi na huko si kukiri. Neno "lakini" limebeba kesi yote. Karani mwenye haraka akitafsiri "ni kweli" akaiacha "lakini", kijana amekwisha. Mimi sikuwahi kuiacha, hata siku faili zilipokuwa sabini na hakimu amechoka.

Utaratibu uliwekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973, na mahakimu wetu wanaufuata hadi leo. Shtaka linasomwa kwa lugha yako, jibu lako linaandikwa kwa maneno yako mwenyewe kadiri iwezekanavyo, kisha upande wa mashtaka unasoma maelezo ya jinsi kosa lilivyotendeka, na unaulizwa tena kama maelezo hayo ni ya kweli. Ukisema pale kwamba hukuiba bali ulichukua chako, hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana. Kwa hiyo una nafasi mbili. Ukiwa na "lakini" yoyote moyoni, sema "si kweli", kisha eleza. Usiseme "ni kweli" ili umalize haraka, kwa sababu ukishahukumiwa kwa kukiri, rufaa yako itahusu adhabu tu. Na rufaa ya kesi ya jinai kutoka kwa hakimu ina siku 14. Mtu wa familia azihesabu kuanzia siku ya hukumu.

Usipoelewa lugha, sema huelewi. Mkalimani ni haki ya bure katika kifungu cha 50. Nilimwona kijana kutoka Baringo, anayejua Kitugen peke yake, akiitikia "ndiyo" kwa kila swali kwa heshima kwa sababu mkubwa alikuwa anazungumza. Hakimu alikuwa ameshika kalamu kuandika. Niliomba ruhusa nikasema sidhani ananielewa, akatafutwa askari anayejua Kitugen, na kijana akasomewa upya. Akajibu si kweli.

Siku yenyewe

Fika saa mbili unusu, usome orodha ukutani, ujue ni chumba gani. Simu izime. Faili lako likiitwa, simama na uitikie kwa sauti. Usimpe mtu yeyote wa kwenye ukumbi pesa "za hakimu". Malipo ya korti yana risiti, na mtu anayejiita wakili unaweza kuthibitisha jina lake kwenye orodha ya Chama cha Wanasheria. Ukiulizwa swali, jibu hilo tu. Usichokumbuka, sema hukumbuki.

Na kama tarehe imekupotea, itafute mahali ambapo mtu mwingine aliigonga muhuri. Yule mama wa mahindi mabichi aliomba nafasi, hakimu akaahirisha kesi wiki mbili. Aliporudi alikuwa na kitabu cha kliniki cha mtoto wake, kimefungwa kwenye leso. Alikumbuka kwamba siku ile alitoka chanjo ndipo akapitia kwa yule mtu kumpa pesa, mtoto bado analia kwa sindano. Alikifungua ukurasa wa chanjo ya surua, akaweka kidole juu ya muhuri wa zahanati. Hakimu akaniuliza kama naisoma vizuri. Nikamsomea siku, mwezi na mwaka, naye akaandika.